Mtamba wa Dhamana

Mkono wangu wa kushoto una vidole vitatu. Gumba kipo, cha shahada kipo, cha kati kipo, halafu basi. Watoto wa hapa Mogitu wakinikuta napiga lipu hukaa juu ya matofali wakahesabu, na wakimaliza wanauliza vile viwili vimeenda wapi. Huwa nawaambia ng'ombe alivila. Wanacheka, nami nacheka, kazi inaendelea. Lakini nikibaki peke yangu jibu lile halinikai vizuri, kwa sababu ng'ombe yule hakula vidole vya mtu. Alikula nyumba. Na nyumba ile niliitia chumvi mimi.

Mimi ni fundi ujenzi. Shule niliishia kidato cha pili, wala si kwa utundu. Mvua iligoma mwaka ule, ikabidi nibaki nyumbani. Ila kuota sikuacha. Kila mfuko wa saruji ukiisha naukung'uta, naupasua, nachora upande wa ndani kwa mkaa: ghorofa zenye vibaraza vinavyoutazama Mlima Hanang, ngazi za kuzunguka, madirisha marefu kama ya kanisa. Mpaka leo sijajenga hata moja. Vyoo nimejenga vingi sana.

Mzee mwenye nyumba alinipa kazi ile aliposikia zahanati yetu inaletewa nesi mpya. Alikuwa na nyumba ndogo ya vyumba viwili, ya tofali mbichi, ubavuni mwa zizi lake, na alitaka iwe na lipu ya saruji ndani na nje kabla mtumishi hajaenda kupanga kwingine. Ni mkulima wa mahindi na maharage, mtu wa kanisani, mkali kidogo, na hapendi kitu kupotea bure. Huku kwetu, mara kadhaa kwa mwaka, watu hushuka bondeni kwenye ziwa la chumvi kuchukua udongo wa kulambisha ng'ombe. Wiki ile trela lake lilikuwa linashuka. Akaona, badala ya kununua mchanga wa mtoni, wanawe wakijaza udongo wa chumvi nusu ya trela, nusu ya pili wajaze mchanga wa kule kule. Trela moja, safari moja, kazi mbili. Aliponieleza alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeokota kuku njiani.

Mchanga ulikuwa mzuri wa kutazama. Mweupe, laini, hauna hata jani. Sasa, fundi mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na desturi moja: kabla hujachanganya, chukua mchanga kidogo, weka kwenye ulimi. Mchanga unaofaa ulimini hausemi kitu. Nami nikafanya hivyo hivyo mbele ya mzee. Shida ni kwamba nilikuwa na peremende mdomoni, ile ya mnanaa inayowasha mpaka puani.

"Vipi, unafaa?" akauliza.

"Mtamu, mzee!"

Tukacheka wote wawili. "Basi piga," akasema.

Nikapiga. Nilipiga kwa moyo wote, kuta zikanyooka, kona zikawa kali kama za daftari jipya. Ile ndiyo nyumba iliyoniletea kazi nyingine mbili.

Nesi akafika kutoka Tanga na mabegi mawili, kinu, na mchi mzito mwekundu mrefu kunipita. Alikuwa amesikia huku hatapata cha kutwangia kisamvu. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa baridi yetu kisamvu chenyewe hakuna. Alicheka sana alipojua, na kwa kicheko kile nikampenda kama dada yangu wa damu. Nilimpa ghorofa yangu moja ya mfuko wa saruji, akaibandika ukutani juu ya kitanda.

Kwenye dhamana ndiko mambo yalikoanza kupinda. Nesi alitaka kuacha kodi ya mwezi mmoja mkononi mwa mzee kama wanavyofanya mjini. Mzee akatikisa kichwa.

"Mpangaji wa kwanza aliniachia pesa, nikaila. Siku anaondoka anaidai, sina, tukashikana mashati. Pesa inaliwa, nesi. Lete kitu chenye miguu minne."

"Baba, mimi nimekuja kuchoma sindano, sikuja kufuga."

"Hutafuga wewe. Nitafuga mimi."

Nesi akaenda mnadani na mke wa mzee, wakarudi na mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Mwenyekiti wa kitongoji aliitwa asikie makubaliano: maziwa ni ya anayelisha, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na siku nesi anaondoka, nyumba ikiwa nzima, mtamba anarudi kwake na vizazi vyake vyote. Nyumba ikiwa imeharibika, mtamba anabaki. Watu wakapeana mikono. Mtamba akafungwa kwenye kigingi kilichokuwa nyuma ya nyumba, hatua tatu tu kutoka kwenye ukuta wangu mzuri.

Mwaka wa kwanza haukuisha ukuta ule ukatoa unga. Ulikuwa mweupe, mwepesi, ukiupuliza unaruka. Baada ya hapo mtamba akaanza kuulamba. Nesi ndiye aliyeniambia, nikipita kwenda kazini.

"Fundi, nyumba yako inalambwa. Alfajiri naamka na kelele, kwaru, kwaru, kama mtu anaparua sufuria."

"Anakupenda, dada. Anakusalimia."

"Mwambie abishe hodi mlangoni."

Nikaenda nyuma kutazama. Alikuwa pale, ulimi wa kijivu umetoka wote, macho kayafumba kwa raha. Lipu ilikuwa imeliwa kama sahani mbili hivi na tofali mbichi zinaonekana. Nikafuta unga kwa kidole, nikauweka mdomoni. Siku ile sikuwa na peremende. Chumvi tupu.

Nilisimama pale nikajua kila kitu. Ningeweza kwenda kwa mzee dakika ile ile nikamwambia, shikamoo, mchanga ule si mchanga. Lakini nilikuwa na nyumba mbili za watu nilizopewa kwa sifa ya hii, na moja mwenyewe alikuwa ameshaanza kuzungumzia msingi wa ghorofa. Nikanyamaza. Nikachukua saruji kidogo nikaziba, nikaenda zangu napiga mluzi.

Alipolamba tena nikaziba tena. Wakati huo mzee ameshauona unga, na akaamua ni maji ya kuogea, kwamba nesi anamwaga nyuma ya nyumba usiku. Nesi akasema ni ng'ombe. Mzee akasema ng'ombe hali saruji, na kama anakula, basi ni ng'ombe wa nani? Alikuwa akimkuta mtamba analamba anamcharaza kwa fimbo mpaka fimbo inakatika. Nilimwona siku moja anampiga usoni, kwenye lile doa jeupe, na mtamba kafumba macho, damu inatoka puani, na ulimi bado unautafuta ukuta. Alikuwa na mimba tayari. Nililia nikiwa nyuma ya choo. Hata hivyo sikusema.

Mwaka wa tatu nesi akapata uhamisho wa kwenda zahanati nyingine, juu kule Mbulu. Mtamba alikuwa ameshazaa, ndama jike. "Nimekaa huku miaka mitatu," aliniambia akifunga vyombo, "nilichochuma ni hao wawili. Mama yangu anakuja kuishi nami. Nataka afike akute maziwa." Alishapata lori la kuwabeba. Na mvua za masika zilikuwa zinapiga wiki nzima bila kupumua, na nyuma ya nyumba ukuta ulikuwa umelambwa umekuwa pango, ng'ombe anaingiza kichwa mpaka kwenye pembe.

Ukaanguka mchana, nesi akiwa kazini. Ukaanguka kwa ndani, wote, juu ya kitanda. Mke wa mzee alisema nchi ilitikisika.

Asubuhi yake nesi akaniita niutazame. Mvua ilikuwa imekatika. Tulisimama chumbani, tunaliona zizi pale palipokuwa na ukuta, kitanda kimevunjika mgongo, ghorofa yangu chini ya tope. Tukiwa bado hapo mzee akaja na wanawe wawili, wanaume wazima. Mkubwa alikuwa na kamba. Mzee alikuwa na panga.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Kaa pembeni, fundi. Hili halikuhusu."

Wakapitia pale palipobomoka. Kamba ikarushwa miguuni, ikavutwa, mtamba akaanguka kwa ubavu, pumzi ikamtoka yote mara moja. Yule kijana mdogo akamkalia shingoni na kumpinda pembe. Ndama akapiga kelele moja nyembamba, akagonga ua, akaanguka, akainuka, akagonga tena.

"Baba!" Nesi alikuwa na sare yake nyeupe tayari kwa kazi. "Baba, huyo ni wangu!"

"Alikuwa wako nyumba ikiwa nzima. Unaiona nyumba? Namchinja, nauza nyama, najenga ukuta. Ndama anabaki. Ndivyo tulivyokubaliana."

"Tulikubaliana mbele ya mwenyekiti! Muite kwanza!"

"Mwenyekiti atakula maini. Shika vizuri huyo!"

Akainua panga. Mimi si shujaa, naomba nieleweke. Siwezi kuchinja hata kuku, nyumbani kwetu anachinja dada. Lakini niliona jicho la mtamba limegeuka, jeupe lote, linanitazama mimi na si mwingine. Nikaruka. Nilitaka kumsukuma mzee, nikateleza kwenye tope, nikaangukia shingo ya mtamba, mkono wa kushoto ukatangulia.

Sikusikia maumivu. Nilisikia mlio, kama mtu amekata mua. Kisha nikaona kidole changu cha mwisho kimekaa peke yake kwenye tope, kisafi, na kile cha pete kinaning'inia kwa ngozi.

Mtamba alichomoka kwenye kamba. Alirusha miguu yote miwili ya nyuma, ukwato mmoja ukampata yule kijana mdogo mdomoni, nikasikia meno. Alitapika damu mbele yangu na meno mawili ndani yake. Mkubwa akamkimbiza mtamba na gongo, akampiga mgongoni, akampiga kwenye mbavu, anapiga na kutukana. Mzee alikuwa amesimama na panga analitazama kama si lake. Hapo ndipo mchi wa Tanga ulipotua. Nesi aliushika kwa mikono miwili, akautoa juu kabisa, akampiga mzee kwenye paji la uso. Kofia ikaruka. Mzee akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, na uso wake ukawa mwekundu kuanzia juu mpaka kidevuni.

Nesi akainua mchi mara ya pili. Niliuona uso wake. Hakukuwa na kicheko hata mahali pa kukiweka.

"Dada!" nikapiga kelele. "Dada, mkono wangu!"

Mchi ukabaki hewani. Akageuka, akauona mkono. Aliutupa mchi mbali, na sauti yake ikabadilika saa ile ile ikawa ile ya zahanati. "Kaa chini. Inua mkono juu. Juu zaidi. Usikitazame kidole." Akajichania khanga aliyojifunga kiunoni, akanikaza kifundo mpaka nikaona nyota. Kisha akamgeukia mkubwa, ambaye alikuwa bado ana gongo. "Na wewe weka hilo gongo, umbebe baba yako. Akifa njiani umemuua wewe, siyo mimi."

Tukaenda zahanati wote, maana zahanati ni moja. Mbele mke wa mzee analia, nyuma yake mzee kashikwa mabega, kisha mdogo anatema, kisha mimi na mkono juu kama naomba ruhusa darasani. Watu walitoka majumbani kututazama. Hakuna aliyecheka.

Daktari alikuwa amekwenda Katesh kufuata dawa. Nesi alikuwa peke yake. Mkubwa akauliza habari ya PF3, kwamba majeraha ya ugomvi hayatibiwi bila karatasi ya polisi.

"Nenda kailete," nesi akamjibu akivaa glavu. "Utawaambia nini? Mwenye panga baba yako, mwenye mchi mimi, mwenye gongo wewe. Watatufunga kwa mafungu."

Mkubwa akakaa.

Halafu nesi akatazama kwenye kabati, akatoa kichupa cha ganzi, akakitikisa mbele ya mwanga. "Inatosha mtu mmoja," akasema.

Nikasema apewe mzee, yeye ni mtu mzima. Mzee alikuwa kalala benchi la pili, kitambaa usoni. Akasema bila kukitoa, "Mpe fundi."

Nesi alimshona yeye kwanza, bila ganzi. Nilihesabu mara saba sindano ikiingia. Mzee alishika kingo za benchi, miguu ikawa inacheza yenyewe, lakini sauti hakutoa. Sijui kama nesi alikwenda polepole kwa uangalifu au kwa hasira. Nadhani hata yeye hajui.

Akaja kwangu. Kile kilichoning'inia akakimaliza kwa mkasi. Nilitazama dari. Nikasema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, "Dada, ukuta ule ni mimi."

"Tulia."

"Mchanga ulikuwa na chumvi. Ulitoka bondeni, kwenye trela la udongo wa ng'ombe. Mimi ndiye niliuonja, nikiwa na peremende. Nimejua toka mwaka wa kwanza."

Sindano ikasimama. Uso wake ulikuwa karibu na wangu sana, una damu ya watu watatu. Nilidhani atanipiga. Alivuta uzi, akaukaza, na hapo ganzi au si ganzi nikausikia mpaka begani.

"Mwaka wa kwanza," akasema.

"Ndiyo."

"Nami nikajiuliza miaka miwili, maji nayamwaga wapi." Akafunga fundo. "Haya utayasema mbele ya watu."

"Watanipiga."

"Watakupiga. Nyuzi ninazo."

Alinipakia kwenye pikipiki mpaka hospitali Katesh, wakanisafisha, wakanilaza siku mbili. Siku ya tatu mwenyekiti akaita kikao. Alikataa kukaa ofisini. Alitaka tukae pale pale, nyuma ya nyumba, mbele ya ukuta ulioanguka. Mwenyekiti wetu ni mama, zamani alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na ile sauti ya kuita watoto uji haijamtoka.

Mtamba alikuwa amerudishwa kigingini, mbavu zimevimba, kidonda kipya mgongoni kina nzi. Mzee alikaa kwenye kigoda na bandeji kichwani. Wanawe walisimama nyuma yake, mdogo mdomo umekuwa kama andazi. Nesi alikaa peke yake upande wa pili.

Mzee akasema mpangaji amemharibia nyumba, dhamana ilikuwa ng'ombe, ng'ombe abaki. Nesi akasema nyumba imeharibiwa na ng'ombe.

"Ng'ombe wa nani?" mzee akauliza haraka.

"Wangu."

"Umesikia, mama mwenyekiti? Wake!"

"Wangu, lakini kigingi umekipigilia wewe. Fimbo ulikuwa nayo wewe, maziwa umekunywa wewe. Ningemhamishia wapi, baba? Kitandani?"

Watu wakacheka, na mzee akasimama, na wanawe wakasogea. Mwenyekiti akapiga kelele yake ya uji, wote wakakaa. Nesi hakunitazama. Alitazama mikono yake tu. Nikajua asiponitazama maana yake ni sasa.

Nikasimama. Nikasema yote: trela, mchanga, peremende, unga, kuziba na kuziba tena. Nikasema ng'ombe hana kosa na nesi hana kosa. Nilikuwa nataka kuongeza kwamba naomba radhi, lakini mkubwa hakunipa nafasi. Alinijia kutoka ubavuni, ngumi ya kwanza ikanikuta sikioni. Nikaanguka kwenye matofali. Mdogo akaja na mateke. Walinipiga kimya kimya, kama watu wanaotwanga, na mimi nilikuwa nimeuficha mkono wenye bandeji chini ya tumbo, nawaza kitu kimoja tu, wasiukanyage, wasiukanyage. Mbavu moja ilisema. Mchanga uliniingia mdomoni na damu, na hata hapo nikausikia, chumvi.

"Na trela lilikuwa la nani?"

Ilikuwa sauti ya mke wa mzee. Mama yule huwa hazungumzi mbele ya watu. Mateke yakapungua.

"Nauliza. Trela lilikuwa la nani? Nani alisema mchanga wa mtoni ni ghali? Nyie wawili ndio mlioujaza, kwa makoleo ya nyumba hii, kutoka pembeni mwa chumvi, hatua kumi! Kijana alionja na peremende. Nyie mlionja na nini?"

Mzee akasema hajui kama ilikuwa chumvi, fundi anaweza kusema lolote apate kumwokoa nesi wake. Mwenyekiti akainuka. Akaenda kwenye kipande cha ukuta kilichobaki, akabandua lipu, akailamba. Uso wake ukajikunja.

"Njoo," akamwambia mzee. "Njooni wote. Kila mwenye ulimi."

Nilikuwa nimelala chini, jicho moja limeziba, na kwa jicho la pili nikaona kitu ambacho nikizeeka nitakikumbuka. Watu wazima wamepanga mstari wanalamba nyumba. Wamama, vijana, mzee wa kanisa. Na kigingini mtamba kanyoosha shingo, anavuta kamba, anawaonea wivu. Nikacheka na mbavu ikanichoma. Mzee alikuwa wa mwisho. Alilamba, akawapa watu mgongo.

Mwenyekiti alisema maneno machache. Nesi anaondoka na mtamba na ndama. Tofali watafyatua wana wa mzee, kwa sababu walijaza trela. Lipu nitapiga mimi, nyumba nzima, bila malipo, nikipona. Yeye nesi na mzee, mmoja ana mishono saba, mwingine hana kitanda, hapo wameshalipana.

Lori la nesi likaja saa nane. Mtamba alipandishwa kwa ubao, anachechemea, ndama akabebwa. Mzee hakutokea kuaga. Tulisikia tu, kutoka upande wa nyumba, pigo moja zito. Halafu la pili. Nikaenda huku nimeshika ubavu. Alikuwa ameshika nyundo kubwa, anaupiga ukuta uliobaki, lipu inaanguka kwa mapande, anapiga mpaka mwili wote unatoka chini. Alikuwa analia, au ni jasho, na bandeji inaanza kuwa nyekundu. Wanawe walisimama mbali. Nilijua akinigeukia na nyundo ile sitakimbia, sina mbavu ya kukimbilia.

Nikaokota patasi kwa mkono wa kulia, nikaanza kubandua upande wangu. Lipu yote ilikuwa lazima itoke. Alinitazama mara moja, akaendelea. Tulipiga hivyo pamoja, vumbi jeupe limetufunika.

"Nyuzi zangu!" Nesi alikuwa ameshuka kwenye lori, kasimama pale pasipo na ukuta, mikono kiunoni. "Nyie watu! Mtazikata nyuzi zangu!"

Mzee akashusha nyundo.

"Huyo mdogo wako," akasema, "ndama, asinywe maji ya baridi asubuhi. Huko juu kuna baridi."

"Nimesikia, baba."

"Na mama yake analala ubavu wa kulia tu sasa."

"Nimeona. Nitamkanda."

Akarudi kwenye lori, likaondoka.

Baada ya mwezi na nusu tofali zilikuwa zimekauka na mimi naweza kupumua. Trela lilikwenda mtoni likaleta mchanga wa kijivu, mbaya wa sura, una vijiti. Mzee alikuwa amesimama karibu na rundo, kovu kwenye paji la uso kama lile doa la mtamba. Nikachukua mchanga kidogo kwa vile vidole vitatu, nikaweka ulimini. Halafu nikachota mwingine, nikamnyooshea yeye.

Alifungua mdomo kwanza, anionyeshe hakuna kitu ndani. Nami nikafungua wangu. Akaupokea, akautafuna, mchanga unalia kwenye meno yake, akafikiri.

"Hausemi kitu," akasema.

Nikachukua beleshi.